Siku Niliyokuita Jirani

Mama, mama mkwe wangu Felisiana,

Nakuandikia kidogo kidogo kila mchana, mtoto akilala na maharage uliyokuwa ukiyapenda yakiwa motoni. Ukiona mwandiko unakimbia halafu unasimama, ujue nimeinuka kuongeza maji. Wewe hukujua kusoma, nalijua hilo. Lakini barua hii si ya kusomwa na wewe peke yako, na nitakueleza kwa nini nikifika mbele, maana nikianza na hilo sitaimaliza.

Ulifika kwetu Magomeni, hii ya huku kusini, wakati vita vimechacha ng'ambo ya Ruvuma. Ulikuja na kanga moja, jembe lisilo na mpini, na ndonya yako kwenye mdomo wa juu, kile kijiti cha mviringo ulichovalishwa tangu usichana. Mwanao alikuwa ametoka bandarini, ana vumbi hadi kwenye kope. Alikuita mara moja tu, "Mama," akakaa chini palepale mlangoni. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Nilipiga goti nikakuamkia huku nikitazama miguu yako, kama nilivyofundwa unyagoni: mama mkwe hatazamwi machoni, na mbele yake sauti haipandi. Nakwambia kweli, kwa muda mrefu niliijua miguu yako kuliko uso wako.

Watoto wa mtaa ndio walioutazama uso. "Bibi mdomo! Bibi mdomo!" Nilikuwa nikijificha ndani kwa aibu. Wewe ulikuwa unasimama, unageuka, unangoja. Wakishachoka unawauliza, "Basi? Hamjambo?" Wakapoteza ladha ya utani. Mwezi haukuisha wakawa wanakuja uani kwetu kuomba korosho za kukaanga.

Kisha kikaja kisomo cha watu wazima. Walimu hawakutosha, wakatangaza kwamba hata sisi wa darasa la nne tunaweza kufundisha, ila kwanza tufanye mtihani wa kusema. Unasimama mbele ya watahini watatu na watu wa mitaa mingine, unaeleza jambo moja hadi mwisho. Niliutaka ualimu ule, mama. Nilitaka kitu kimoja maishani mwangu ambacho hakipikwi wala hakifuliwi.

Unakumbuka nilivyorudi mara ya kwanza. Mtahini mkuu alikuwa mzee wa mvi, rika la baba yangu. Nilipoitwa jina nikaenda mbele, nikapiga goti. Miguu ilifanya yenyewe. Chumba kizima kikacheka. Mzee akasema, "Inuka, mama, hapa si ukweni." Nikainuka, lakini macho na sauti vilibaki kulekule chini. Nikafeli.

"Umesema?" uliniuliza.

"Nimesema na sakafu, mama."

Ulicheka hadi ndonya ikatikisika. Halafu ukaacha ghafla, ukaniambia, "Kesho shamba. Mimi nafundisha."

Msimu ule tulikuwa tunaokota korosho katika kile kishamba cha njia ya Naliendele. Ulinisimamisha chini ya mkorosho mmoja, mtoto mgongoni, ukaenda kukaa chini ya mkorosho wa tatu. "Sema!" Nikaanza kueleza kwa nini maji ya kunywa yachemshwe. "Hapana sikia!" Nikarudia. "Hapana sikia! Tazama mimi!" Nikakwambia siwezi, wewe ni mama mkwe wangu, nitapandishaje sauti nikikutazama machoni? Ukaja mpaka nilipo, ukanishika kidevu kwa vidole vyenye utomvu wa mabibo, ukakiinua. Ulikuwa na macho ya kahawia, na la kushoto lina kidoa. Kumbe hayo yote yalikuwepo miaka yote.

"Kwetu mimi nasema mbele ya wanawake wote," ulisema. "Ngoma, msiba, ugomvi, mimi. Sasa hapa Kiswahili changu kifupi. Wewe chako kirefu, unaficha cha nini?"

Kila siku ulisogea mkorosho mmoja. Ulinifundisha kuvuta pumzi kabla ya neno la kwanza, kumchagua mtu wa nyuma kabisa na kusema na yeye, kutokimbia nikifika mahali ninapopajua sana. Siku nilipochoka nikalia, maana mtoto alikuwa na homa usiku kucha na sikuwa nimelala, hukunibembeleza. Ulimchukua mtoto, ukamfunga mgongoni mwako, ukasema, "Sasa mwepesi. Sema." Mwisho ulikuwa unakaa mbali hata nikawa nakuona kanga tu, na bado ulikuwa unanijibu.

Sasa nafika pale pagumu.

Siku ya mtihani wa pili ulikuja na mtoto, kwa kuwa alikuwa bado ananyonya. Jua lilikuwa kali, ukaingia ndani ukakaa benchi la nyuma. Nilisimama. Nilivuta pumzi. Nikasema na wewe, mama, na wewe tu, na maneno yakatoka kama nayasoma mahali. Niliona mzee wa mvi akiweka kalamu chini ili asikilize. Nilipomaliza watu walipiga makofi, na wewe ukasimama ukapiga kigelegele. Mdomo wako ukafunuka wote. Wakaanza kunong'ona, kisha kucheka. Wasichana wawili wa ofisini walifunika nyuso kwa mafaili.

Mzee akauliza, bila ubaya wowote, "Yule bibi ni nani wako?"

Nikasema, "Hapana, mwalimu. Ni jirani tu, ananishikia mtoto."

Nilisema kwa sauti uliyonipa. Wala haikutetemeka. Mzee akaandika kitu, akasema, "Umefaulu, mama. Sauti safi sana. Hata wa nyuma kabisa wamekusikia."

Nje ulinikabidhi mtoto. "Leo mimi nasikia," ukasema. Basi. Nyumbani ulimwambia mwanao kwamba mkewe amesema kuwashinda wote, ukachinja yule kuku wako mweusi. Hukumwambia lingine. Mimi nikala paja la kuku yule.

Lakini tangu siku ile, tukienda sokoni au kisimani, ulianza kutembea nyuma yangu, hatua nne tano, kama mtu tuliyekutana naye njiani. Nikisimama, unasimama. Mwanzoni nilidhani magoti yanakuuma. Si kweli, sikudhani hivyo. Nilijua siku ya kwanza, na nikakuacha utembee nyuma.

Masika ulipougua kifua nilikuletea uji, nikaanza, "Mama, siku ile ya mtihani..." Ukanikata, "Uji unapoa." Sijui kama ulikuwa unanisamehe au unanifungia mlango. Siku ya nne ukafariki. Msibani ndugu wakasema mwalimu ndiye aseme habari za marehemu. Nikasimama nikakusifu, vizuri tu, wanawake wakalia. Habari ya jirani sikuitaja.

Sasa nina darasa la wanawake kumi na wanane, Alhamisi alasiri. Wanasoma, lakini ukimwambia mtu asimame aseme, anang'ata pembe ya kanga. Wiki iliyopita mmoja wao, mama mmoja wa Nanyamba mwenye utani mwingi, akaniuliza, "Mwalimu, mwenzetu nani alikufungua mdomo? Tumlipie na sisi atufungue!" Wakacheka. Nikawajibu, "Nilifundishwa ofisini, kwenye semina."

Mara ya pili hiyo, mama. Na safari hii hapakuwa na wa kucheka mdomo wako.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Ndipo nikaanza barua hii. Kesho ni Alhamisi, na wameniomba niwasomee kitu ambacho hakimo kitabuni. Nitawasomea hii, yote, pamoja na jina lako. Watatu kati yao walikuwemo chumbani siku ile, wanakumbuka kicheko. Mzee wa mvi naye anakuja kukagua darasa.

Sikutaka mwanao aisikie mitaani. Leo asubuhi, kabla hajaenda bandarini, nilimpa kurasa hizi za mwanzo. Alisoma amesimama. Alipofika kwenye neno lile alirudia juu, akasoma tena, kisha akazikunja taratibu akaziweka mezani. "Ulimwambia mama yangu hivyo?" Nikasema ndiyo. "Naye alisikia?" Nikasema ndiyo. Akavaa viatu akatoka. Chai yake ipo hapa mbele yangu, imeota utando.

Sijui atarudi na neno gani, wala kama atarudi nalo. Kama ataniambia nisisome, nitamheshimu kwa mengine yote, lakini kwa hili nitasoma. Wewe ulikuwa mama yake, najua. Niliyekukana ni mimi.

Pumzika, mama. Maharage yameiva, na mtoto anaamka.

Ni mimi,
Mkweo.