Adabu ya Goti

Kapata, Kolwezi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe pamoja na wote wa nyumbani Sandoa. Je, kile kifua kimepona? Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kuume, na ndilo linaloniandikisha barua hii kabla hujaja kwa ndoa ya mjukuu wako Abigaëlle.

Mama, nimechoka! Goti lilivimba hadi nikashindwa kupanda gari. Nikaenda kwa Joyeuse, yule dada anayetibu viungo karibu na soko, naye akanigombeza kama mtoto. Alisema nisifue nikichuchumaa, nikae kwenye kiti. Ndoo nibebe nusu. Kila asubuhi nikae na kusimama mara kumi bila kujishika, ili mapaja yapate nguvu. Kupiga magoti juu ya simenti tupu, marufuku. Labda juu ya kitu laini.

Basi nikashona mto kutoka godoro la zamani. Jumapili nilipompelekea mama mkwe maji ya kunawa, niliuweka chini, nikapiga magoti juu yake. Akaniuliza, «Weye sasa uko monsinyeri?» Eti mimi ni askofu na mto wake wa sala! Wote mezani wakacheka mpaka bukari ikapoa kwenye sahani. Na mume wangu Kabemba, anayecheza mpira na wazee wenzake amefungwa bandeji mpaka pajani, alicheka kuliko wote! Bandeji yake ni michezo, mto wangu ni kiburi. Hiyo ni akili gani?

Nilirudi kwa Joyeuse na hasira zangu. Akaomba nimwonyeshe ninavyopiga magoti. Nikamwonyesha kama ninavyokuona wewe tangu utoto: mkono ukutani, taratibu, na ule mguno mdogo mwishoni. Akauliza mguno ni wa nini. Nikasema ndiyo adabu ya kwetu. Hakucheka. Alisema, «Mama yako anaumwa, tena siku nyingi.»

Mama, miaka thelathini nimeiga maumivu yako nikidhani ni heshima! Nililia palepale. Kwa nini hukusema?

Sasa nakiri kosa langu, kama ni kosa. Jana nilimwambia mama mkwe kwamba siku ya ndoa, wewe na mimi tutamsalimu tumekaa kwenye viti. Amenuna, anasema hatakuja. Kabemba anataka nikuombe ufike mapema umpigie magoti ili atulie.

Usithubutu, Mama. Sijawahi kukukataza kitu, leo nakukataza.

Nisalimie Tata, baba yangu mpenzi, na majirani wote. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mtoto wako,
Blandine