Jetoni za Baraka

Mujukuu wangu Aline,

Huku Mabanga tunakusalimia. Mama yako amepona malaria. Umeniuliza ununue jetoni gani za kuwekea dau mukicheza karata nyumbani na rafiki zako. Nunua nzito, lakini kwanza uchague watu wa kukaa nao.

Zetu, mimi na rafiki zangu, tulizichonga katika mawe ya volkano, kila mutu akazipaka rangi yake. Rafiki yangu Baraka alipofariki, tuliendelea kuweka zake nyekundu mbele ya kiti chake. Siku moja mugeni alikaa pale, akazigusa, akaruka.

«Muzee, nani alikuwa anazishika? Ziko za moto!»

Zetu sisi zilikuwa baridi. Hakuna aliyecheka. Tulimupa mugeni kiti kingine, tukamugawia Baraka karata.

Alishinda.

Babu yako