Nyumba Uliyomjengea Mwita

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Nilipaswa kukuamkia asubuhi ile ya mwisho, nilipobeba sanduku langu la shule nikapita mbele yako kimya, kama mtu anayepita mbele ya kisiki. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda unapepeta ulezi. Hukuinua uso. Sasa ni miaka minane tangu uzikwe na salamu hiyo bado imenikaa kooni. Ipokee kwanza, ndipo nikueleze mengine.

Mji wetu hapa Nyamwaga ulikuwa na nyumba tatu: yako, ya Mama, na ya Mwita. Ya Mwita ilikuwa ndogo, ya udongo, lakini bati lake lilikuwa jipya kuliko letu, na mlango wake ulitazama migomba. Ndani mlikuwa na kitanda kilichotandikwa, kiti kimoja, na koti refu jeusi kwenye msumari. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mahindi, ulifagia uwanja wake kwanza kabla ya wako. Kisha unaniita.

"Bhoke, mpelekee baba yako uji."

Nilikuwa nabeba bakuli kwa mikono miwili, nabisha, naingia, naliweka juu ya kiti, natoka bila kugeuka. Uliniambia baba hatazamwi anapokula. Saa nne nikirudi, bakuli lilikuwa tupu. Nikikuuliza yuko wapi, ulisema ametoka na ng'ombe. Jioni ulisema amechoka, amelala, nisimsumbue. Hukuwahi kusita, Bibi. Ulisema hivyo huku unachochea moto, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Sikumwona hata siku moja, lakini nilimpenda. Watoto wenzangu walikuwa na baba wanaofoka na kunuka pombe; wangu alikuwa mtulivu. Nikipata alama nzuri darasani, nilikwenda kuzisoma mbele ya mlango wake kwa sauti.

Nilikuwa na miaka minane siku ile mlipokwenda mnadani wewe na Mama, mkaniacha nilinde vifaranga. Jua lilikuwa la utosi. Nilikaa kwenye kizingiti cha Mwita nikisoma kitabu cha shule, nikakosea neno. Ndani mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha mtu anayetaka kukurekebisha lakini hataki kukuaibisha. Nikalisoma neno upya, sawasawa. Hakukohoa tena. Vifaranga wote walikuwa wamesimama wakitazama mlango.

Mliporudi nilikuambia. Uliweka kapu chini taratibu ukauliza, "Alikohoa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi hajakasirika," ukasema, ukaingia kupika.

Ningeendelea kuishi hivyo kama nisingeenda kusoma sekondari mbali, upande wa Serengeti, kule Issenye. Mwalimu wa darasa aliniita kujaza fomu. Akaniuliza kazi ya baba, nikasema anachunga. Akaniuliza nilimwona lini mara ya mwisho. Nilihesabu miaka yangu yote kichwani na sikupata hata siku moja ya kumtajia. Msichana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, Mkurya mwenzangu, aliinama akaninong'oneza, bila ubaya, "Si useme tu mama yako ni wa nyumba ntobhu?"

Nilikuwa nimelisikia neno hilo maisha yangu yote bila kujua kwamba linanihusu.

Likizo ilipofika sikuja kwako. Nilimfuata Mama migombani alikokuwa anakata majani, nikamuuliza baba yangu alikufa lini.

"Mwita hakufa, Bhoke," akasema. "Mwita hakuzaliwa."

Akanieleza kila kitu akiwa amesimama, kisu mkononi. Kwamba ulizaa mabinti watatu, wakaolewa wote. Kwamba kwa desturi zetu, nyumba isiyo na mtoto wa kiume huchukuliwa na watoto wa mke mwenza. Kwamba ulichukua ng'ombe wa mahari ya mabinti zako ukaenda kumwoa yeye, mwanamke mwenzako, awe mke wa mwanao ambaye hukumpata, ili watakaozaliwa wabebe jina la nyumba yako; hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Kila mimba yako uliiita Mwita, na kila mara alizaliwa msichana. Jina likabaki bila mwenyewe, ukalijengea nyumba.

"Na uji?"

"Nilikuwa nakunywa mimi. Bibi yako alinitaka niingie kimya nimalizie alichobakiza mume wangu." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nilizoea."

"Na aliyenizaa?"

"Mtu wa kupita. Alikaa msimu mmoja akaenda zake kabla hujazaliwa. Jina lake halina kazi hapa."

"Na aliyekohoa ni nani?"

Mama aliacha kukata. Nilimwona akitazama mlango wa nyumba ile, halafu mimi.

"Nani alikohoa?" akauliza.

Ndipo nilipokuja kwako, Bibi, na ninaona aibu kwa namna nilivyokuja. Nilisimama, wewe umekaa. Nikakuambia umenilea kwa uongo, umenifanya nimsomee mtu ambaye hayupo, umenifanya kichekesho mbele za watu. Ulinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ulitaka uitwe mtoto wa nani?" ukauliza.

"Afadhali nisingekuwa mtoto wa mtu yeyote."

Uliinuka kwa kushika ukuta, nikaona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyozeeka, na bado sikukushika mkono. Likizo zilizofuata niliomba kubaki shuleni. Nilirudi mara moja tu, kuchukua sanduku, ile asubuhi ya ulezi. Ulifariki nikiwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Mama aliamua nisiambiwe mpaka nimalize. Nilishuka kwenye bodaboda, nikakuta udongo wa kaburi lako umeshakauka na kupasuka.

Hujui kilichofuata, na ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Matanga hata hayajapoa, Chacha, yule mtoto mkubwa wa mke mwenzako, aliitisha kikao hapa uwanjani, mchana, wazee wa ukoo wakiwa kwenye viti na majirani wamesimama pembeni. Alisema kwa heshima, sitamsingizia. Alisema marehemu alikuwa mama yake pia, lakini hakuacha mtoto wa kiume, na hata mke aliyemwoa alizaa binti. Nyumba imefungwa. Mashamba yarudi kwa kina Chacha, na Mama arudi kwao alikozaliwa, aende na mimi.

Mama aliinamisha kichwa. Alikuwa ameishi hapa miaka ishirini.

Chacha akanyoosha fimbo kuelekea nyumba ndogo. "Wazee, hii ni nyumba ya nani? Kuna mtu hapa alishawahi kumwona huyo Mwita?"

Watu wakanitazama mimi. Nilijua jibu la kweli. Nilikuwa nimelipigania jibu hilo mpaka nikakukosea wewe. Nikasimama.

"Ni nyumba ya baba yangu," nikasema. "Mimi ni Bhoke Mwita."

Mzee Marwa, jirani yako wa mpakani, akainuka kwa mkongojo wake.

"Mimi nilimwona," akasema. "Siku anatahiriwa nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hakupepesa jicho."

Nilidhani anatuonea huruma, nikamshukuru moyoni. Lakini mama mmoja aliyekuwa pembeni akadakia kwamba Mwita alimvusha mtoni mwaka wa mvua nyingi, akambebea mzigo wake wote kwa mkono wa kushoto. "Ndiyo, alikuwa wa kushoto," akasema mwingine. "Wa kushoto kabisa," wakaitikia huku na huku, kwa sauti za kawaida, za watu wanaokumbushana habari ya jirani aliyehama. Hakuna aliyetabasamu wala kumkonyeza mwenzake. Niliwatazama mmoja mmoja, Bibi, nikitafuta anayeigiza.

Halafu nikamwona Chacha. Fimbo yake ilikuwa imeshuka. Alikuwa anakitazama kitu kilicho mbali, uso umelegea kama wa mtu anayeamshwa.

"Alinipiga kwa huo mkono," akasema polepole. "Tulikuwa wadogo. Nilimwibia mshale wake." Akagusa kidevu chake.

"Basi umejijibu mwenyewe," akasema Mzee Marwa, akaketi.

Kikao kiliishia hapo. Chacha aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hajarudia neno la mashamba.

Nilimkimbilia Mzee Marwa njiani. Nikamwambia, "Babu, asante kwa yale maneno uliyotusaidia nayo."

"Maneno gani?"

"Yale ya baba."

Akaniwekea kiganja begani kama mtu anayempima mgonjwa homa. "Msiba umekuchosha, mjukuu wangu. Kwani wewe humjui baba yako?"

Kwa hiyo tumebaki, Bibi. Nafundisha shule ya msingi hapa hapa, Mama analima, migomba imejaa mpaka nyuma ya kaburi lako. Sina hasira na wewe tena. Kwa muda mrefu nilifikiri ulikuwa unanidanganya mimi. Sasa nafikiri ulikuwa unakataa tu, kila asubuhi, tusifukuzwe, na hapakuwa na mtu wa kukusaidia kukataa isipokuwa yule uliyemwita. Laiti ningekuuliza uliwezaje, badala ya kukufokea. Nisamehe.

Nina binti wa miaka minne, nimempa jina lako. Niliapa kwamba huyu nitamwambia ukweli mapema, asije akaupata kwenye foleni. Jumapili iliyopita tulikuwa uwanjani mimi, yeye na Mama, tunapukuchua mahindi, akaniuliza, "Mama, babu alikuwa anaimba?"

Nikaona wakati umefika. Nikafungua mdomo.

"Alikuwa anaimba akikamua," nikasema. "Sauti yake ilikuwa mbaya mpaka ng'ombe wanageuza shingo kumtazama."

Mtoto akacheka. Mimi nilibaki na gunzi mkononi. Hukuwahi kuniambia hilo, Bibi. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Mama, yule yule aliyeniambia Mwita hakuzaliwa, alikuwa ameacha kupukuchua. Alinitazama kwa upole, machozi yakimlengalenga.

"Nilidhani ulikuwa mdogo mno," akasema, "kuweza kukumbuka."

Pumzika, Bibi. Ukikutana naye huko, mpe salamu zetu. Sisi huku sote tunamkumbuka, ila hatujui tena tumuulizie wapi.

Mjukuu wako,
Bhoke Mwita