Miti ya Mupaka kule Mutwanga

Kavira mujukuu wangu,

Wavukire, nakusalimia. Huku Butembo tuko muzima, mvua inanyesha, na dada yako alizaa mutoto mwanaume. Baba yako anataka kuuzisha shamba yetu ya Kalunguta juu usomee mambo ya banki kule Ulaya. Unaniuliza kama bila shule kubwa kazi ile haiwezekane.

Mimi nilimaliza tu shule ya secondaire hapa, koperative moja ya mikopo kule Beni ikanipokea. Siku moja balinituma Mutwanga pamoja na Kambale, mwenzangu wa kazi, yeye alisomea Ulaya. Tulienda kuangalia mulimaji mumoja mwenye aliomba mukopo juu ya kakao. Nikaona miti ya mupaka wa shamba yake iko mipya. Kwetu, mara mingi mupaka unapandwa upya kama kuna maneno ya kugombania udongo. Nikaambia Kambale: "Turudi. Hii shamba iko na kesi."

Kambale hakujua ile desturi, na hakukubali turudi. Alienda kwa jirani, mama mumoja alikuwa anapalia maharagi.

"Mama, hii miti nani alipanda?"

"Ni mimi na mwenye shamba, pamoja. Ile ya zamani ilikauka."

Mukopo ukatoka. Kambale peke yake hangeona miti. Mimi peke yangu ningerudisha uongo kwa bureau ya koperative. Bakatubakisha kwa kazi sisi wote wawili.

Shule ya Ulaya siikatae. Lakini mbele shamba iuzishwe, kuya tutembee kwa mupaka wa Kalunguta. Mimi nitaangalia miti. Majirani, utabauliza weye.

Koko wako, Masika