Usaili Ulioanzia Ghalani

Chumba cha juu, nyuma ya duka la dawa
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kuzinung'unikia. Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Sikujua kuwa furaha nayo inanenepesha.

Ndoa ni tamu, Shangazi. Kila asubuhi mume wangu ananichemshia chai, na mara nyingi anasahau kutia majani. Nainywa hivyo hivyo nikimtazama.

Uliniuliza habari za kazi yake. Tangu amalize shahada ya uzamivu, baada ya miaka ya kusomea ukungu unaoharibu nafaka, alikuwa akiomba kazi vyuoni tu. Jibu zuri lilikuja moja: utafiti wa miaka miwili ng'ambo, nafasi ya mtu mmoja, mke abaki. Walitaka jibu kufikia Ijumaa. Nililia bafuni, maji yakiwa wazi ili asinisikie.

Msimamizi wake wa masomo ndiye aliyemkumbusha kuwa hata viwanda vya unga vinahitaji wataalamu. Basi tukaketi kuupunguza wasifu wake, kutoka kurasa kumi na moja hadi mbili. Kila mstari niliofuta aliusindikiza kwa macho kama anazika ndugu. Kiwanda kimoja kilipomwita, nikavaa miwani yake, nikawa jopo la usaili.

“Bwana, udhaifu wako ni upi?”

“Mke wangu.”

“Umefeli. Aingie mwingine.”

Jumatano akaenda kiwandani na suti ya harusi. Alifika mapema, akaomba achungulie ghala. Kuchungulia gani, Shangazi. Alisikia harufu ya ukungu, akaifuata nyuma ya magunia, akasahau kabisa kilichompeleka. Jopo likamngoja juu mpaka likachoka. Meneja aliposhuka kumtafuta, alimkuta amepiga magoti, mweupe kuanzia nywele hadi viatu, ananusa ukuta.

“Wewe ndiye daktari tunayemsubiri?”

“Samahani, mama. Kuna bomba linavuja humu ndani. Magunia haya yahamishwe kwanza, halafu tuanze.”

Alirudi nyumbani mnyonge. “Nimeharibu, mpenzi. Hawakuniuliza hata swali moja tulilojifunza. Tumezungumza ukungu tu, tena tumesimama.” Nilimpangusa unga huku tayari nawaza nguo zipi nimfungie za safari.

Alhamisi jioni simu ikalia. Akasikiliza, akaitikia, akakaa sakafuni palepale. Wamemwajiri, Shangazi. Atasimamia ubora wa nafaka, atakuwa na maabara yake, na wamemruhusu aendelee kuandika makala zake. Nilimkumbatia mpaka miwani ikapinda.

Ijumaa tukaketi kuwajibu wale wa ng'ambo. Akaanza: “Nasikitika kuwajulisha...” Nikamshika mkono.

“Unasikitikia nini?”

“Ndivyo wote wanavyoniandikia mimi.”

“Lifute. Sisi hatusikitiki.”

Akalifuta. Akaandika kuwa anashukuru, ila anabaki na mke wake.

Nisalimie Babu, na Kaka Mrefu na wanawe wote. Mwambie Mama Mdogo kitambaa chake kiko mezani petu kila siku. Mungu akutunze, akuongezee nguvu, nasi atujalie tukuone mlangoni petu ukiwa na sanduku kubwa la kukaa siku nyingi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kupunguza,

Bi Harusi wako