Nani Ataita Mawe Matatu Baada ya Jeremia

Kericho, Jumapili, Julai 1996

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Ukungu ulilala juu ya mashamba ya chai tangu asubuhi, na mvua ilipokuja mchana haikuuondoa. Tumerudi kutoka kanisani na viatu vizito kwa matope. Mke wangu, Mama Akinyi, anakanda unga wa chapati nyuma ya pazia, nami nimevuta kiti hadi dirishani nipate mwanga wa kuandikia.

Nina hasira. Nilipoketi nilidhani ni huzuni, lakini ni hasira, na afadhali niseme hivyo.

Jambo lenyewe watu wengine watalicheka. Ni habari ya bendi.

Majani Mabichi imepiga muziki katika mashamba haya tangu nilipoajiriwa kuwa karani wa kupima majani ya chai, kazi iliyonipa jina ambalo hata leo, mzee wa pensheni, bado ninaitwa nalo. Wapiga ngoma wamebadilika. Mpiga besi mmoja aliokoka akaacha gitaa lake jukwaani kama mtu anayeacha koti. Mwimbaji wa kwanza alikwenda Nairobi kutafuta makubwa, na nafasi yake akachukua Jeremia, ambaye aliishika mpaka mwaka huu tulipomzika, wakati watu wanapanda mahindi.

Tangu hapo sisi wapenzi wa bendi hatuna amani. Tunabishana kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko, tunabishana kwenye foleni ya posta, na juzi tulibishana matangani hadi mwenye msiba akatuomba tutoke nje.

Majina ni mawili. Wa kwanza ni Fredi, fundi wa umeme kiwandani, kijana ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa kama mimi. Anaimba kama Jeremia hasa, na hata kile kikohozi kidogo cha Jeremia kabla ya ubeti wa pili anakikohoa. Wa pili ni Chelangat wa Siongiroi, Mkipsigis, mama wa mitumba anayeimba kwaya, mwenye sauti nyembamba isiyofanana na ya yeyote aliyewahi kushika ile maikrofoni.

Mgeni angedhani kila upande ungemvuta mtu wake. Imekuwa kinyume. Wengi wa Wakipsigis, wenyeji wa huku, wanamtaka Fredi, kwa sababu Jeremia alikuwa mtu wao na Fredi anawarudishia. Watu wa ziwa wanamtaka Chelangat, wakisema kuiga sauti ya marehemu kunawatia baridi mgongoni. Mara ya mwisho nilipoona watu wa huku wamegawanyika bila kujali nani katoka wapi, ilikuwa ni juu ya mpira.

Mimi mwenyewe nilikuwa wa Fredi. Mpaka jana.

Nieleze desturi ya wimbo, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Bendi hufunga kila Jumamosi usiku kwa wimbo uleule, “Kikapu Changu”. Katika sahani iliyorekodiwa Nairobi, na kaseti zilizotolewa kwayo, wimbo huo huishia kwa magitaa kufifia polepole, kwa sababu fundi wa mitambo aliambiwa nafasi imekwisha. Ukumbini haukuwahi kufifia. Ukumbini, hapo ambapo sahani inanyamaza, ndipo Jeremia alipokuwa akianza kuita mahali watu walikotoka. “Kedowa mpo?” Na watu wa Kedowa wanajibu kwa sauti moja, “Tupo!” “Chepilat mpo?” “Tupo!” Hakuendelea mpaka ajibiwe. Watu waliokuwa wameanza kuvaa makoti walisimama mlangoni wakingoja zamu yao.

Sisi zamu yetu ilikuwa Mawe Matatu.

Mawe Matatu palikuwa mahali padogo, ng'ambo ya Chepilat, penye duka moja, kanisa la mabati, na mashamba ya watu wa kila aina waliouziana vipande kwa kupeana mikono. Nilijenga hapo. Nilipanda chai hapo, na parachichi, na nilimzika mama yangu hapo. Kisha mwanzoni mwa miaka hii ya tisini ikaja ile wiki ambayo kila mtu huku anaijua na hakuna anayeitaja. Sisi tusio wenyeji tulifukuzwa, tukaondoka na magodoro juu ya lori. Leo kibao cha barabarani kina jina jingine. Kanisa halipo. Niliwahi kumwandikia barua mtu aliyebaki kule na ikanirudia, ikiwa na muhuri wa posta kwamba mahali hapo hapajulikani.

Lakini kila Jumamosi Jeremia aliliita jina hilo.

Mara ya kwanza baada ya kuhama, nilikwenda ukumbini nikiwa nimejiandaa kusikia akiruka. Hakuruka. “Mawe Matatu mpo?” Akarudia, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na anajua kuna watu ndani. Tulikuwa wachache, tumetawanyika kila pembe ya ukumbi, hatukuwa tumeketi pamoja kwa kuogopa kuonekana tumeketi pamoja. Tukajibu. Sauti zetu zilitoka pembe nne tofauti. Hakuna aliyetuuliza mko wapi, nyinyi mnaosema mpo.

Mama Akinyi hajawahi kujibu. Tangu tuhame hajaingia ukumbini. Husema, “Wewe nenda kaitwe. Mimi nikiitwa nitalia, na sitaki kulia mbele ya watu wanaonunua mboga yangu.”

Basi jana kulikuwa na majaribio, kila mmoja aimbe ule wimbo mmoja. Jumamosi ijayo wapenzi watainua mikono, na kapteni wa bendi amekubali kwamba mwenye mikono mingi ndiye mwenye maikrofoni.

Fredi alianza. Nilifumba macho na nikawa naye tena Jeremia, mzimamzima. Nyuma yangu kijana mmoja akasema kwa Sheng yao, “Huyu msee si anaimba!” Mwenzake akamwambia, “Nyamaza, usikie kikohozi.” Kikohozi kikaja mahali pake, ukumbi mzima ukacheka kwa furaha, na mimi nikacheka.

Wimbo ukafika mwisho. Nikakaa sawa kwenye benchi. Nikasafisha koo.

Fredi akaanza kupunguza sauti.

Akapunguza, akapunguza, akawapungia magitaa mkono nao wapunguze, akarudi nyuma hatua kwa hatua na maikrofoni ikienda mbali na mdomo wake, hadi wimbo ukapotea kabisa. Aliishia pale kaseti inapoishia. Vijana wakapiga makofi na miluzi. Sisi wazee tulibaki tumefungua midomo kama watu walioletewa sahani tupu.

Kisha Chelangat. Aliimba juu mno, magitaa yakahangaika kumfuata, na ubeti wa pili aliusahau akaujaza kwa la-la-la. Watu wa Fredi walianza kuguna. Mmoja akapaza sauti, “Mama, hiyo ni wimbo ama unabembeleza mtoto?” Naye bila kuacha kuimba akamjibu, “Nabembeleza wewe, lala!” Hapo hata wapinzani wakacheka.

Alipofika mwisho hakuwa na majina. Hakuwa ameyajua. Nilimwona akimtazama kapteni, kapteni akamwashiria endelea, na yeye akageukia watu akauliza, “Nyinyi mmetoka wapi? Niambieni niwaite!”

Kedowa wakapiga kelele. Akawaita, wakajibu. Siongiroi wakasimama juu ya mabenchi, wamepata mtu wao. Chepilat. Kila aliyetaja mahali aliitwa.

Mimi sikutaja.

Jina lilikuwa mdomoni. Nilikuwa ninalionja. Lakini kwa miaka yote nimekuwa nikiitwa ndipo nijibu, na kujibu ni rahisi, unafuata sauti ya mtu mwingine. Kulianzisha mwenyewe, katika ukumbi uliojaa, jina ambalo limetolewa hata kwenye kibao cha barabara, ni jambo jingine. Nikasema ngoja mwingine aanze. Nadhani wote wa Mawe Matatu walisema hivyohivyo, kila mmoja kwenye pembe yake.

Magitaa yakamaliza. Taa zikawashwa. Kwa mara ya kwanza katika ule ukumbi, hatukuwepo.

Nje, kwenye kibanda cha chai, nilimkuta Arap Koech. Huyu ni Mkipsigis, mkulima wa chai na ng'ombe, shamba lake lilipakana na langu kule, na lipo bado. Tumebishana kuhusu bendi hii tangu tukiwa vijana. Ni yeye aliyetoka nje ya ukumbi usiku wa kwanza wa Jeremia, akisema hawezi kulipa kiingilio kusikiliza mbuzi. Nilimkumbusha.

“Mbuzi huyo nilimzoea,” akasema. “Sasa namtaka Fredi. Ukifumba macho, Karani, ni Jeremia.”

“Na ukifumbua?”

“Usifumbue. Kwani umeenda kuona ama kusikia?”

Tukacheka. Kisha akakoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari iliyokuwemo.

“Nilingoja utaje,” akasema bila kunitazama.

“Nami nilingoja niitwe. Kwa nini hukutaja wewe? Unakaa kule. Ni wewe uliyebaki.”

“Ndiyo maana. Mimi nitaje Mawe Matatu kama nani? Watu wangu wataniuliza, na watu wako wataniuliza. Hiyo jina ni yako kuleta, Karani. Ukileta, mimi nitajibu. Hiyo nakuapia.”

Nililipia chai nikaondoka.

Sikulala vizuri, na asubuhi, baada ya ibada, nikamsubiri Fredi langoni mwa kanisa. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyemtuma atufute. Alikuja akiinama kidogo kama vijana wetu walivyofunzwa kumsalimia mzee, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

“Mzee, kwa nini wazee hawakupiga makofi?” Aliniuliza hivyo kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia habari ya majina. Alinisikiliza kijana wa watu, uso ukimshuka.

“Mimi sikujua kuna mbele,” akasema. “Jumamosi zote niko zamu ya usiku kiwandani. Jana ndiyo walinipa ruhusa. Jeremia nimemjua kwa kaseti tu, na kaseti inaishia pale.”

Maneno yangu makali yote yakakosa pa kwenda. Kijana amejifunza kila alichoachiwa, mpaka kikohozi. Hakuna aliyemwambia kwamba wimbo unaendelea.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka na kunitazama mimi. Tulimwachia mtu mmoja kazi ya kutukumbuka. Tulikaa kwenye mabenchi tukingoja zamu, wiki baada ya wiki, na tulipomzika tukaanza kubishana kuhusu sauti. Sauti! Kama nyembamba, kama nzito, kama ya mbuzi. Mimi ninayesoma gazeti mpaka kwenye matangazo ya minada, sikuona kwamba mwenye kufa hakuwa mwimbaji peke yake.

Sasa nimeamua, na ninaliandika ili nisijidanganye kesho.

Jumamosi nitainua mkono wangu kwa Chelangat. Ubeti wa pili atajifunza. Fredi mwenyewe ameniambia atamfundisha akikosa kura, na nimemwamini. Chelangat ndiye aliyeuliza watu wametoka wapi, na bendi inamhitaji mtu wa kuuliza. Watu wa Fredi watasema Karani amegeuka, na Arap Koech atanitania mpaka Krismasi. Sawa. Lakini hata Fredi akishinda, nitafanya lile la pili, maana halitegemei nani ameshika maikrofoni.

Nitasimama. Sitasubiri mwingine aanze. Nitataja jina kwa sauti ya kufika jukwaani.

Niliogopa kwamba siku ikifika nitashikwa tena na kigugumizi kile cha jana. Kwa hiyo sasa hivi, kabla ya kuandika sentensi hii, nimeweka kalamu chini nikajaribu. Nimesema hapa hapa chumbani, nikiutazama ukungu dirishani: “Mawe Matatu mpo?”

Sauti yangu ilitoka mbovu. Jeremia angecheka.

Nyuma ya pazia kusukuma chapati kukasimama. Nikadhani nitaambiwa niache kelele, jirani analala. Mvua ilikuwa ikisikika juu ya mabati, na jiko likilia polepole.

“Tupo,” akasema Mama Akinyi.

Kisha akauliza ile kofia yake nzuri niliiweka wapi tulipohama, kwa sababu Jumamosi ataihitaji.

Iko chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati. Naenda kuitoa.