Kutazama Pembeni

Jumatatu, 9 Oktoba – Perugia

Nianze na lile nililolificha, maana nikilichelewesha nitajikuta nimelipamba. Sioni nyuso. Tangu majira ya baridi yaliyopita, kila ninapokaza macho pana doa la kijivu, kama mtu amebonyeza kidole chenye majivu katikati ya kila kitu. Pembeni bado kuna dunia. Fremu naziona. Sakafu naiona, na viatu vya watu. Katikati hakuna mtu.

Naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nikitaka kuliona neno, nautazama ukingo wa karatasi, nalo neno linajitokeza lenyewe, kwa aibu. Nimejifunza kutazama pembeni.

Anajua daktari wa macho. Daktari wa moyo ana habari nyingine, mbaya zaidi. Nilimwambia sitanunua kalenda ya mwakani. Alinifungulia mlango mwenyewe – alikuwa mtu muungwana.

Kesho tunaondoka. Binti yangu Ortensia hupeleka wageni kwenye miji ya vilimani: basi dogo, makanisa, michoro ya ukutani, divai, usingizi mzuri. Kila mwaka huniomba niende nikazungumze mbele ya michoro, kwa kuwa wageni hupenda profesa mzee kama wanavyopenda jibini la zamani. Mwaka huu nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Safari itaishia Collemuto, kwa Bikira Maria wangu, yule wa ukutani niliyemtoa chini ya chokaa kwa kisu kidogo cha upasuaji nikiwa kijana mwembamba. Nataka kusimama mbele yake mara moja tena na kumzungumzia kama mtu anayeona.

Ortensia asijue. Alikwisha sema: “Baba, siku macho yakikushinda, ngazi za vilimani basi.” Akijua, Nazzareno dereva atanirudisha Perugia kabla supu haijapoa. Baada ya hapo ni ile nyumba ya wazee yenye bustani. Bustani nzuri sana. Sitaki.

Jumanne, 10 Oktoba – Spello

Asubuhi ukungu ulijaa bonde lote. Tulipanda hadi tukatokea juu yake, na miji ikawa inaelea – mnara hapa, paa kule, hakuna kilichoishikilia. Wageni walisogea kwenye vioo. Kwangu dunia ni hivyo kila siku. Leo tu nilikuwa na wenzangu.

Wageni wawili ndio wenye sauti, wengine ni viatu. Bwana Ambrogio, daktari wa meno mstaafu wa Milano, mfuko umejaa sarafu kwa ajili ya visanduku vya taa, vile vya makanisani: ukitia sarafu, mchoro unaangaziwa kwa dakika chache. Na Bi. Loredana wa Bari, aliyeimba miaka mingi katika kwaya ya opera, nyuma kabisa, mstari wa tatu. “Mstari wa tatu,” anasema, “ndiko yanakosemwa ya kweli.”

Kanisa dogo nje ya ukuta wa mji. Ambrogio alitia sarafu. Kisanduku kikaanza kutikatika kama saa, taa ikawaka, nami nikafumba macho na kuanza. Ndivyo nifanyavyo sasa. Nikiyafumba, doa linaondoka na ukuta unarudi wote: malaika wa kushoto mwenye goti lililovimba, mbwa chini ya meza, kikapu cha mayai. Hakuna kilichopotea humu ndani. Hata yai moja.

Kisanduku kikalia *kla!* nami nikamaliza. Sambamba kabisa.

“Profesa,” akasema Bi. Loredana, “unafumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi.”

“Mpishi mzuri hatazami sufuria, bibi.”

“Mume wangu naye alikuwa hatazami. Ndiyo maana tulikula vilivyoungua.”

Wakacheka. Nimepona siku ya kwanza.

Jumatano, 11 Oktoba – Montefalco

Majani ya mizabibu yamekuwa mekundu. Nayaona vizuri, kwa sababu yapo ukingoni.

Jambo la ajabu la macho haya: sasa naona miguu. Miaka yote nilifundisha nyuso – nilikuwa na mihadhara mizima juu ya kope za Mabikira – na sikuwahi kujua wachoraji hawa waliipenda miguu hivi. Mtakatifu mmoja ana vidole vya mtu aliyetembea juani. Mwingine ana kiatu kilichochanika kwenye kisigino. Nilisimama nikitazama pindo la nguo na miguu ikatembea. Kweli, ilitembea. Ikapita ukutani polepole, ikaenda zake upande wa madhabahu, kama watu wanaotoka ibada mapema.

Mchana nikalala kwenye kiti cha uani, jua likiwa juu ya magoti. Nikaota nimekuwa chokaa. Mtu alikuwa ananikwangua taratibu, na chini yangu kulikuwa na rangi ya samawati. Sikuumia hata kidogo.

Alhamisi, 12 Oktoba – Bevagna

Mvua. Mawe yananuka kama kisima.

Mara mbili nilikaribia kukamatwa. Chakula cha jioni nilijimiminia divai, na nilikwisha jua kwa sauti kwamba naimwaga mezani – kumbe haikumwagika. Glasi ilikuwepo pale pale chini ya chupa. Bahati ya mzee. Na kwenye ngazi za nyumba ya wageni Ortensia alipaza sauti: “Bi. Loredana, angalia, ngazi tatu za juu zimelika, ya pili ina tundu.” Nikapanda kwa maelezo ya mwenzangu, kama mwizi.

Bi. Loredana alikuwa bado mezani, akila dengu. Sauti yake ilitoka huko chini: “Asante mwanangu, nitazikumbuka.”

Moyo ulipiga vibaya usiku. Ngoja kidogo, nikauambia. Kesho ni Collemuto.

Ijumaa, 13 Oktoba – Collemuto

Niandike yote.

Basi halifiki juu. Tulipanda kwa miguu, Ortensia akinishika mkono na kuzungumza njia nzima juu ya mawe: hili linateleza, hili limeinuka. Nikadhani anawaambia wageni. Kulikuwa na moshi wa kuni, na mtu mahali fulani alikuwa anapiga zulia. Moyo ulikuwa mtulivu. Nilihisi sipandi, nabebwa tu.

Mlangoni pa kanisa Ortensia alitangulia kusema, kama kawaida yake ya kuchangamsha watu: “Jamani, mimi kanisa hili nalijua kwa sakafu yake. Kila kiangazi Baba alikuwa anatazama ukuta, na mimi nimelala kwenye lile benchi, nahesabu vigae mpaka nasinzia. Kuna kimoja kina ufa kama umbo la sungura. Huyo ndiye alikuwa rafiki yangu.”

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Sarafu ikaingia. Nikafumba macho.

Sijawahi kuzungumza vile, hata mbele ya ukumbi uliojaa. Niliwaambia jinsi alivyotokea: kwanza kucha moja, kisha kidole, kisha, asubuhi moja ya Julai, jicho. Niliwaambia tazameni vazi, samawati imebanduka na kuacha weusi begani, lakini kwenye mkunjo wa kiwiko imebaki, na ni samawati ya anga dakika chache kabla ya nyota. Tazameni kope. Ya kushoto ni nzito kuliko ya kulia. Wenzangu walisema mchoraji alikosea. Mimi nasema alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na alimjua mwanamke asiyelala. Tazameni mtoto: hajashika kidole cha mama, ameshika dole gumba, kama mtu anayeshika mpini. Tazameni, tazameni, niliwaambia, nami nilikuwa mle ndani, kwenye chokaa mbichi, naona hata unywele wa brashi aliouacha mchoraji shavuni.

Mtu alinong’ona, “Acha.” Nikadhani mtu anamkataza mwenzake kufungua pipi.

Nilipomaliza nilifumbua macho. Giza. Si doa – giza lote, mpaka pembeni. Hakuna fremu, hakuna sakafu, hakuna viatu. Nikajua limefika. Nilishika mgongo wa benchi na kujiambia: basi, hivi ndivyo, na angalau ni hapa.

Kisha sarafu zikalia kiganjani mwa mtu.

“Taa imezimika lini?” nikauliza.

“Mapema, Profesa,” akasema Bwana Ambrogio kwa sauti ya mtu anayeng’oa jino taratibu. “Ulipofika kwenye vazi.” Kisanduku cha hapa ni kipya. Hakitikatiki, wala hakilii, na mlango ukifungwa kanisa hili halina mwanga mwingine.

“Na mbona hukuongeza sarafu?”

“Nilitaka. Bi. Loredana alinikanyaga.”

“Nilimkanyaga sawasawa,” akasema yeye. “Taa ilipowaka niliona ukuta wenye unyevu na misumari tu. Ilipozimika ndipo nikamwona huyo mama. Wewe ungekuja na sarafu yako kunirudishia unyevu?”

Hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyetoka. Tulikaa vile kidogo, gizani wote, tumelingana.

Ortensia alinitoa nje akanikalisha kwenye ngazi. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, nilisikia baridi yake kwenye vifundo vya miguu.

“Tangu Pasaka, Baba,” akasema.

“Pasaka nilifanya nini?”

“Ulilisalimu koti langu. Lilikuwa limening’inia mlangoni. Ukaliuliza habari za safari, ukaliambia limekonda. Mimi nilikuwa jikoni, nimeshika sahani.”

“Likanijibu nini?”

“Lilikuwa na adabu. Lilikuachia umalize.”

Nikamwuliza mbona hakusema. Akanirudishia: “Wewe mbona hukusema?”

“Ungenikataza ngazi.”

“Ningekukataza. Kwa hiyo niliamua sijui.”

Glasi ya jana. Ngazi iliyolika. Sikumwuliza. Tulikaa bega kwa bega. Sikurudishwa Perugia, sikupelekwa kwenye bustani. Nilichokuwa nakiogopa kilikuwa kimeshapita miezi mingi, kimya, huku mtu akinisogezea glasi.

Siku ingeishia hapo ningelala kwa amani.

Mezani watu walikuwa wamechangamka, kama familia baada ya siri kutoka. Bi. Loredana alibuni mchezo: profesa atuchore kwa maneno, mmoja mmoja, bila kutuona. Nazzareno nilimchora kwa sauti na harufu ya tumbaku: Mtakatifu Kristofa, yule mvushaji wa mtoni, aliyechoka kubeba watu. Akafurahi, akaongeza divai. Ambrogio nikamchora kama mtoza ushuru anayetubu kwa sarafu ndogondogo.

“Na huyu sasa,” akasema Bi. Loredana. “Binti yako. Umetupa kope za Bikira, ya kushoto na ya kulia. Tupe na za Ortensia. Macho yake je?”

Nilikuwa na mdomo wazi tayari. Nikafumba macho, kama nifanyavyo. Nikangoja.

“Ana macho ya mama yake,” nikasema.

Wakasema aaa. Bi. Loredana nikamsikia akiweka uma chini. Ortensia alisogeza kikapu mpaka kikagusa mkono wangu.

“Chukua mkate, Baba,” akasema. “Bado wa moto.”

Jumamosi, 14 Oktoba – Collemuto, asubuhi

Sijalala. Si moyo.

Nimefumba macho tangu alfajiri na kuuita ukuta wangu wa ndani, ule usiopoteza yai. Umeniletea Bikira, mwenye dole gumba lake lililoshikwa. Umeniletea mbwa wa Spello. Umeniletea Elide, mama yake Ortensia, macho ya kijani yenye vumbi la dhahabu – yeye nilimtazama sana, kabla sijapata kazi ya kutazama kuta. Nikamwita Ortensia. Akaja mtoto amelala kwenye benchi, mkono juu ya uso. Nikamwita tena. Akaja msichana anabeba ngazi yangu, amenipa mgongo. Tena. Likaja koti.

Kwa hiyo si doa. Ningependa liwe doa. Doa lina miezi kumi tu.

Dirisha langu limejaa ukungu mweupe, na mnara wa kengele nauona kwa sababu nalitazama pazia. Hivyo ndivyo kitu kinavyoonekana sasa: usikitazame. Mtu akisimama karibu na dirisha nami nikakaza macho kwenye ukuta ulio kando yake, atanijia polepole, uso wote, bila kuvunjika. Ukuta ulio kando yake. Ustadi huo ninao. Sina mwingine.

Chini Nazzareno anapakia mizigo. Bi. Loredana anamwambia sanduku lake lina vioo, ashike kama mtoto. Hatua za Ortensia zinapanda ngazi, anakuja kunifunga kamba za viatu. Najua nitakavyomwambia: mwanangu, viatu vingoje, simama hapo kwenye mwanga. Na atauliza kwa nini namtazama ukutani.

Anagonga.

Sijui macho ya binti yangu yana rangi gani. Sijasahau. Sikuwahi kujua.